Jina Kabla ya Shuti

Hotuba kwa watangazaji vijana wa redio na wanafunzi, Mwanga, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, watangazaji wa redio za hapa mkoani, na ninyi vijana mliokuja na madaftari: mwakeye!

Mada ya leo imewachekesha baadhi yenu tangu pale mlangoni. Hoki ya barafu, Kigoma! Barafu tunayoijua hapa ni ya kuhifadhia samaki, na ile ya mfuko mtoto anayoinyonya akitoka shule. Lakini mada hii imechaguliwa makusudi. Hakuna mchezo wa timu unaombana mtangazaji kama huu, na anayeelewa unavyotangazwa atarudi Uwanja wa Lake Tanganyika kutangaza mechi ya Mashujaa akiona kandanda inatembea.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Kiwanja cha ligi kuu ya Marekani na Kanada, yaani NHL, kina urefu wa mita 61 hivi na upana wa mita 26. Kimezungushiwa ubao unaofika kiunoni na kitu, na juu ya ubao kuna kioo. Kwa hiyo hakuna mpira wa kurusha na kutoka nje ni nadra. Kinachogonga ukuta kinarudi mchezoni. Wachezaji ni sita kila upande, kipa akiwemo. Badala ya mpira wanagombea, kwa fimbo ziitwazo magongo, kisahani cha mpira mgumu, mgumu kama soli ya katambuga, chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi visahani hugandishwa kwenye friza ili visidundedunde. Shuti kali linapita kilomita 160 kwa saa. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia.

Kinachomtesa mtangazaji kuliko kasi ya kisahani ni benchi. Kandanda ina mabadiliko matano na mwamuzi wa akiba ananyanyua kibao chenye namba. Hoki haina subira hiyo. Mchezaji anakaa barafuni sekunde 45 hivi, anachoka, anaruka ubao kurudi benchi na mwenzake anaruka kuingia, mchezo ukiendelea. Hakuna filimbi wala kibao. Kila timu huvalisha watu 20: makipa wawili, mabeki sita, washambuliaji kumi na wawili. Ukijumlisha timu mbili unapata majina 40, na yeyote kati yao anaweza kuwa na kisahani nusu sekunde ijayo.

Ndiyo maana tunawaambia kwamba wepesi wa ulimi si sifa kuu ya kazi hii. Wengi humsikiliza mtangazaji hodari wakadhani ana mdomo wa haraka. Alichonacho ni jina, na alikuwa nalo tangu jana. Macho yakishaona namba 27, jina limeshafika kwenye meno. Anayetafuta jina kwenye karatasi mchezo ukiwa unaendelea hujaza pengo kwa kelele: “hatari, hatari, hataaari!” Hatari ya nani?

Sasa tuione karatasi yenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Chukua manila ya faili, ile ngumu ya ofisini, uifungue kama kitabu. Kushoto wenyeji, kulia wageni, na mpangilio huo usibadilike mechi hata moja, kwa sababu jicho lina mazoea. Juu kabisa andika makipa wawili. Chini yao mabeki kwa jozi tatu, kama wanavyocheza, maana beki huingia na mwenzake. Chini ya hapo washambuliaji katika mistari minne ya watu watatu. Namba iandikwe kwa kalamu ya wino mzito, kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umesimama, na rangi ya wino ifanane na jezi ya siku hiyo. Chini ya namba jina la mwisho. Pembeni herufi moja, K ya kulia au S ya kushoto, kuonyesha anashika gongo kwa upande gani. Kisha alama ya kumtambua pale namba isipoonekana: mrefu, ana ndevu, gongo lake limefungwa utepe mweupe, anainama sana akikimbia. Mwisho weka habari moja kumhusu, isiyozidi maneno matano. Moja tu. Ukiandika sita utataka kuzisema zote, na kisahani hakitakusubiri.

Iandike kwa mkono wako, usiku wa kuamkia mechi. Msipige chapa wala msimtume mtu. Mkono ukishaandika majina 40, kichwa kimeyabeba, na kesho utaitazama manila mara chache sana. Kwa kandanda utaratibu ni uleule: kumi na mmoja kwa umbo la kikosi, wa akiba chini yao.

Asubuhi ya mechi timu za hoki hufanya mazoezi mepesi, na mtangazaji makini yupo pale. Anaangalia nani amepangwa na nani, kwa sababu mistari hubadilika kila mara. Anamuuliza mchezaji mwenyewe jinsi jina lake linavyotamkwa. Jágr wa Jamhuri ya Cheki anatamkwa kwa y, si kwa j. Jina la Kifini lenye vokali mbili pamoja huvutwa. Hapa watu wa Kigoma mna mtaji ambao wenzenu wa Dar es Salaam hawana. Niyonzima au Ndayishimiye kwenu ni jina la jirani, mnalitamka bila kulivunja mbavu. Mtaji huo uwe kiwango chenu kwa majina yote, si ya Warundi na Wanyarwanda tu. Akija Mghana au Mbrazili, nenda hotelini au mazoezini ukamuulize, uandike kwa silabi za Kiswahili kwenye manila, ulitamke mara ishirini njiani.

Suala la pili ni pa kukaa. Foster Hewitt alianza kutangaza hoki redioni huko Toronto mwaka 1923. Ulipokuwa unajengwa ukumbi wa Maple Leaf Gardens, uliofunguliwa mwaka 1931, alipanda jengo refu la duka kubwa mjini, akawa anatazama wapita njia kutoka ghorofa moja hadi nyingine, akitafuta kimo ambacho mtu anaonekana vizuri na mwendo wake unasomeka. Aliridhika na ghorofa ya tano. Kibanda chake kikaning'inizwa mita 17 hivi juu ya barafu. Ukikaa chini sana huoni umbali kati ya watu, na ukikaa juu mno namba zinafifia. Redio zetu nyingi humweka mtangazaji pembeni ya chaki, karibu na benchi la ufundi, kwa sababu waya ni mfupi. Anamwona kocha vizuri sana, ila mpira ukienda upande wa pili anabahatisha. Ongezeni waya, mpande jukwaa hadi safu ya juu, katikati ya uwanja.

Sasa lugha. Sikilizeni sekunde kumi na mbili za hoki kwa Kiswahili cha redio, majina tumeyatunga:

“Hamisi, nyuma ya goli lake. Juma, ubavu wa kulia. Mstari mwekundu. Kisahani kirefu, ukutani. Bakari anakiwahi! Kona. Anarudisha… Juma, shuti! Kipa katema… Bakari… bao!”

Hesabuni. Maneno 24, vitenzi vitatu. Jina linatangulia, mahali panafuata, kitendo kinakuja kama nafasi ipo. Kiswahili kimetupa kitenzi kinachobeba mtu na kitu kwa pamoja: “anakiwahi” inakwambia nani na nini kwa neno moja. Ni hazina, lakini hazina ndefu. “Anakisukumasukuma” ni silabi tisa, na ndani ya silabi tisa kisahani kimeshavuka kiwanja. Kwa hiyo jina likishatajwa, mtu na kitu vidondosheni. Na mliona “katema”, si “ametema”: silabi moja imeokolewa. Lugha ya mitaani ina faida zake.

Adui mkubwa wa mtangazaji wa Kiswahili ni “ambaye”. “Sasa ni Hamisi ambaye anaonekana akiwa na kisahani huku akitafuta namna ya kumpatia mwenzake…” Bao limeshaingia! “Ambaye” ina kazi yake nzuri kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Uwanjani iacheni mlangoni pamoja na miavuli.

Turudi kwenye “mstari mwekundu”. Halikuwa pambo. Mchezaji akikitupa kisahani kutoka upande wake wa mstari wa katikati, kikavuka mstari wa goli la wapinzani bila kuguswa, filimbi inalia, mchezo unarudishwa kwenye ngome yake na timu yake hairuhusiwi kubadilisha watu. Wale waliochoka wanabaki barafuni, wanahema. Kwa kutaja mstari mwekundu, mtangazaji amemwambia msikilizaji anayejua mchezo kwamba mtupo ulikuwa halali. Ndivyo sheria inavyotangazwa bila kuhutubia.

Runingani kipande kilekile kinapungua zaidi: “Hamisi… Juma… Bakari… Juma! Katema… Bakari!” Mtazamaji ana macho. Anachokosa ni majina na maana, basi mpe hivyo. Bao likiingia sema neno lako, kisha funga mdomo uwaachie mashabiki sekunde kadhaa. Ukimya huo watu wetu wanauogopa mno, kama vile kila sekunde isiyo na maneno inakatwa kwenye mshahara.

Maneno ya ufundi yanatoka wapi? Danny Gallivan, aliyetangaza mechi za Montreal Canadiens kuanzia mwaka 1952 hadi 1984, alibuni neno la mchezaji anayejizungusha mduara mzima na kisahani, na hadi leo mashabiki wanalitumia. Mike Emrick, mtangazaji wa Marekani, alisifika kwa wingi wa vitenzi: kwake kisahani hakikupigwa tu, kilichokonolewa, kilifagiliwa, kilibetuliwa. Lakini wa kumtazama zaidi sisi ni Harnarayan Singh. Mwaka 2008 hoki ya Kanada ilianza kutangazwa runingani kwa Kipunjabi, na yeye ndiye sauti yake iliyovuma. Kipunjabi hakikuwa na maneno ya hoki ya barafu. Walifanya nini? Waliingia jikoni. Kisahani wakakiita tikki, kababu ya viazi iliyobonyezwa. Shuti la kubamiza wakalipa jina linalotokana na kofi. Bibi kizee aliyehamia kutoka Punjab, asiyewahi kushika gongo, akaelewa mara moja.

Na sisi tumeshaifanya kazi hiyo kwenye kandanda. Mwamba wa juu wa goli ni mtambaapanya, picha ya nyumba ya makuti kabisa. Dakika za mwisho ni za lala salama. Kuna tobo, kuna kanzu, kuna kuotea. Kwa hoki tuseme gongo, kisahani, kibanda cha adhabu, kudondosha kisahani pale mwamuzi anapoanzisha mchezo, kupangua, kuambaza ukutani. Na msidhani maneno haya hayana wa kuyatumia. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya Hoteli ya Panari, timu ya Ice Lions imekuwa ikicheza pale, na Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu mwaka 2024. Siku mechi zao zikihitaji sauti ya Kiswahili, atapewa kipaza sauti yule aliyejiandaa.

Makosa sasa, maana ndiyo mwalimu mkali.

Kosa la kwanza ni kutangaza bao ambalo halijaingia. Kisahani kinagonga nguzo, mlio ni mkali, jukwaa linanyanyuka, nawe umeshapiga kelele. Tazama vitu viwili: taa nyekundu nyuma ya goli na mkono wa mwamuzi unaoonyesha wavuni. Kwenye kandanda tazama mshika kibendera kabla ya kufungua koo. Ukichelewa nusu sekunde hakuna atakayekulaumu.

La pili ni jina lisilo lake. Namba 8 na 3 zinafanana jezi ikikunjamana. Ukikosea, sahihisha kwa neno moja, “Bakari, siyo Juma”, uendelee. Usiombe radhi kwa sentensi tatu. Utakosa matukio mawili mengine.

La tatu ni kusahau matokeo. Hili ni la redio hasa. Msikilizaji wa bodaboda amepanda sasa hivi pale Kibirizi, hakuwepo ulipotaja. Red Barber, mtangazaji mashuhuri wa besiboli Marekani, aliweka mbele yake kichupa cha mchanga cha kupimia yai la kuchemsha, cha dakika tatu. Mchanga ukiisha, anataja matokeo na kukigeuza. Simu zenu zina saa. Wekeni mtetemo kila dakika tatu.

La nne ni kugombania hewa na mchambuzi. Mkataba ni mwepesi: kisahani kikitembea anasema mtangazaji, filimbi ikilia anasema mchambuzi, na amalize kabla mwamuzi hajakidondosha tena. Asipomaliza, gusa mkono wake. Msinyang'anyane maneno mbele za watu.

La tano, matangazo ya wadhamini. Kwenye runinga ya NHL kuna mapumziko matatu ya biashara kila kipindi, katika filimbi ya kwanza baada ya dakika ya 6, ya 10 na ya 14. Mtangazaji anajua yanakuja, anapanga pumzi. Huku kwetu kijana anasomeshwa tangazo la duka la vifaa vya ujenzi mpira ukiwa ndani ya kumi na nane. Hapo lawama ni ya waliompangia. Mameneja wa vituo mlioko hapa: andikeni tangazo la sekunde kumi kwenye kadi, lisomwe mpira ukitoka au mtu akitibiwa.

Kuhusu koo nitasema machache. Maji yasiyo ya baridi, kidogo kidogo. Maziwa acheni saa chache kabla, wengi huhisi yanaacha koo zito. Kipaza sauti kikae pembeni ya mdomo, vidole viwili hivi, ili pumzi isipige moja kwa moja. Msianze mechi juu: sauti iwe kama ngazi, na ukipanda ngazi zote dakika ya tano, bao la dakika ya 88 utalipandia wapi?

Kuna swali limeletwa kwa kikaratasi: mtu anafikaje huko juu? Polepole mno. NHL ina timu 32, na viti vyake havina haraka ya kuwa wazi. Bob Cole alitangaza kwenye kipindi cha Jumamosi cha taifa la Kanada kuanzia mwaka 1969 hadi 2019, miaka hamsini. Alipokuwa kijana, mwaka 1956, alipeleka kanda yake ya majaribio kwa Foster Hewitt huko Toronto, na mzee akamkaribisha ndani, akaisikiliza na kumpa ushauri. Emrick, katika msimu wa 1970 na 1971, alikaa pembeni ukumbini Pittsburgh na kinasa sauti, akijitangazia mechi ambazo hakuna redio iliyomwajiri kuzitangaza. Mwaka 1973 akapata timu ndogo ya Port Huron. Mwaka 1976 akamaliza shahada ya uzamivu katika mambo ya redio na runinga. Alistaafu mwaka 2020, na mechi za mwisho alizitangaza akiwa nyumbani kwake Michigan kwa sababu ya korona, akitazama skrini. Singh alikuwa akipanda ndege kutoka Calgary hadi Toronto kila wikendi kwa nauli ya mfukoni mwake. Mwaka 2016 alipolirudiarudia jina la Bonino wa Pittsburgh kwenye bao la fainali, dunia nzima ya hoki ikamsikia. Kwenye ligi ndogo mtangazaji hupanda basi na timu, huandika taarifa za habari, huuza matangazo, na usiku ndipo hutangaza. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kituo chake kinamtuma kukusanya madeni ya wateja, ajue yuko kwenye shule ileile.

Kanda ya majaribio isizidi dakika kumi. Bao liwe ndani ya dakika ya kwanza, na msikate vipande vizuri tu mkaviunga. Weka dakika tatu mfululizo, kwani anayeajiri anataka kujua mnafanyaje mchezo ukiwa umelala.

Tumalizie kwa vitendo. Pale mezani kuna manila na kalamu za wino, chukueni moja kwa watu wawili. Kwenye skrini tutaweka dakika tatu za hoki, sauti imezimwa, na orodha ya namba na majina mtapewa sasa. Mzunguko wa kwanza mtataja majina tu, hakuna kingine. Wa pili, majina na mahali. Wa tatu ndipo mtaruhusiwa kitenzi. Mwenzako afumbe macho akusikilize, na kila asipojua kisahani kiko wapi apige meza. Atakayesema “ambaye” atanunua chai. Jumapili tukutane Lake Tanganyika, safu ya juu, na simu zenye chaji.